Bunduki ya askari wa Mjerumani haikuwa gobore, na mara nyingi haikuwa Mauser ya 98

Ndugu Mhariri,

Kila Novemba inapokaribia, kumbukumbu ya mapigano ya Tanga ya 1914 hurudi magazetini, na pamoja nayo hurudi makosa mawili yale yale kuhusu silaha. La kwanza ni kuiita kila bunduki kuukuu ya Mjerumani gobore. La pili ni kinyume chake: kuandika kwamba Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mjerumani huku, alimshinda Mwingereza kwa sababu askari wake walikuwa na Mauser, bunduki za Kijerumani, za kisasa, halafu pembeni ya habari ikawekwa picha ya bunduki ambayo mwaka huo ilikuwa bado haijatengenezwa. Naomba nafasi niyajibu yote mawili. Ukiikosea bunduki unaikosea na vita yenyewe, maana kwa askari wa mguu aina ya bunduki ndiyo iliyoamua alale wapi, apige mara ngapi, na wapagazi wangapi wamfuate nyuma.

Nianze na gobore. Gobore hupakiwa kwa mdomoni: unamimina baruti ndani ya mtutu, unatia kizibo, unatia risasi au vipande vya chuma, unashindilia kwa mdeki, kisha unaweka fataki kwenye chuchu na nyundo inaigonga. Ndiyo bunduki ya mwindaji wa kijijini mpaka leo. Mauser ya 71, yaani ya mwaka 1871, ambayo ndiyo hasa iliyokuwa mkononi mwa askari wa Mjerumani kwa karibu miaka 30, hupakiwa kwa nyuma. Ina komeo la chuma, ambalo mafundi huliita bolti, na hutumia risasi kamili yenye ganda la shaba, ndani mna baruti, fataki iko kitakoni. Kinachowachanganya watu ni ule ufito ulio chini ya mtutu. Wanauona, wanadhani ni mdeki. Si mdeki, ni ufito wa kusafishia. Hata Mauser ya 98, yaani ya mwaka 1898, inao, na hakuna anayeiita gobore.

Mauser ya 71 ni kazi ya ndugu wawili, Wilhelm na Paul Mauser, wa Oberndorf kando ya mto Neckar. Bunduki ya askari wa kawaida ina urefu wa karibu mita 1.35 na uzito wa kilo 4.5 hivi. Ipo iliyo fupi kuliko hiyo kwa sentimita 10 au 11, iliyotengenezwa kwa ajili ya vikosi vya Kijerumani vilivyoitwa vya wawindaji, yaani askari wa mguu wepesi, na askari wa huku waliitumia sana aina hiyo. Mtutu wake ni wa milimita 11. Kichwa cha risasi ni madini ya risasi matupu yasiyovishwa koti la chuma, gramu 25, kimezungushiwa karatasi ili kisiache madoa ya madini hayo ndani ya mtutu. Nyuma yake kuna gramu 5 za baruti nyeusi. Hutoka mdomoni kwa mwendo wa mita 430 hadi 450 kwa sekunde, polepole ukilinganisha na bunduki zilizoifuata, lakini kwa uzito ule ikimpata mtu huvunja mfupa na kuusambaza.

Haina magazini, yaani kisanduku cha kuwekea risasi kadhaa ndani ya bunduki. Hapa ndipo waandishi wengi wanapojikwaa. Askari alikuwa akiinua mkono wa komeo, akalivuta nyuma, na kitendo hicho chenyewe kikaitega pini ya kugongea fataki. Kikucha kilichoko kwenye komeo kilivuta ganda tupu kutoka kwenye chemba, yaani pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, lakini hakukuwa na kipande cha kulirusha nje. Ganda lilibaki limelala hapo juu, na mpigaji alilazimika kuinamisha bunduki ubavu ili lidondoke, au alitoe kwa vidole huku likiwa la moto. Kisha aliweka risasi nyingine kwa mkono, akasukuma komeo mbele, akalifunga, akalenga. Akiwa amelala kifudifudi nyuma ya kichuguu, kule kuinamisha tu kulimtoa kwenye shabaha kila mara. Toleo la 1884, lenye bomba la risasi nane chini ya mtutu, ndilo lililoongezewa kipande cha kurusha ganda.

Upungufu huo ulishagharimu mapema. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe wa Mkwawa walikivamia kikosi cha kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski kikiwa katika msururu wa safari. Mwenye bunduki ya risasi moja anahitaji nafasi mbele yake. Adui akiinuka hatua 30 kutoka kwenye majani, mtu hupiga mara moja, akibahatika mara mbili, halafu bunduki inakuwa rungu la kilo nne na nusu. Bunduki karibu 300 zilibaki mikononi mwa Wahehe siku ile.

Ilipofika Agosti 1914, jeshi la Mjerumani huku lilikuwa na kampuni 14 za askari, jumla yao watu 2,500 hivi, mbali na askari polisi waliozidi 2,000. Kampuni chache zilikuwa zimeshapewa Mauser ya 98. Sehemu kubwa ya askari walikuwa bado na 71 ya baruti nyeusi, bunduki ambayo huko Ujerumani ilikuwa imeshaondolewa mstari wa mbele zaidi ya miaka 20 kabla. Kulikuwa na wakubwa waliodhani kwamba kwa askari Mwafrika moshi si tatizo. Vita viliwafundisha haraka. Baruti nyeusi hutoa wingu zito jeupe, na asubuhi isiyo na upepo chini ya minazi wingu hilo halisogei. Hufanya mabaya mawili kwa pamoja: humziba macho aliyepiga, na humwonyesha adui mahali pa kuelekeza bombomu, yaani bunduki ya rashasha. Askari mwenye 71 alipaswa kupiga na kuhama, kupiga na kuhama. Mwenye bunduki ya baruti isiyo na moshi alikaa kichakani saa nzima, na wenzake wa upande wa pili wasijue risasi inatoka mti gani.

Kwa hiyo mwandishi anaposema askari walishinda Tanga kwa silaha za kisasa, anawapunja sifa yao. Walishinda wakiwa wachache, wengi wao na bunduki ya risasi moja inayofuka, mbele ya jeshi la watu 8,000 hivi lililotoka India. Na walichokipata baada ya mapigano ni kikubwa kuliko watu wanavyodhani: mamia ya bunduki za Kiingereza, bombomu 16 na zaidi ya risasi nusu milioni, vyote vimeachwa ufukweni na kwenye mashamba ya mkonge. Kampuni tatu nzima zilibadilishiwa silaha kwa mali hiyo. Bunduki za kisasa za askari wale, kwa sehemu nzuri, zilitoka kwa Mwingereza. (Wale nyuki waliozivamia pande zote mbili siku ile waachiwe kwanza, wameshaandikiwa kurasa nyingi kuliko bunduki.)

Sasa twende kwenye uzito, jambo ambalo halitajwi kabisa. Risasi moja ya 71, ikiwa kamili, ina karibu gramu 43. Risasi ya 98 ina karibu gramu 24. Chukua mzigo wa mpagazi wa kilo 25, usihesabu sanduku. Mpagazi huyo hubeba risasi 580 za 71, au zaidi kidogo ya 1,000 za 98. Halafu chukua mapigano ya Jassin, mpakani kaskazini ya Tanga, Januari 1915, ambako upande wa Mjerumani ulitumia risasi 200,000 kwa siku mbili. Kama zote zingekuwa za 98, hiyo ni mizigo 192. Kama zote zingekuwa za 71, ni mizigo 344. Ukweli uko katikati, kwa kuwa zilichanganyika. Hayo ni mabega ya watu, kwa siku mbili tu, kabla hujabeba unga, maji, dawa na majeruhi. Lettow-Vorbeck mwenyewe alikiri baada ya Jassin kwamba kwa matumizi ya namna ile angeweza kupigana mapigano matatu zaidi, basi. Kuanzia hapo akageukia kuvizia reli na madaraja kwa vikundi vidogo. Wengi husifu kwamba huo ulikuwa ujanja wake wa tangu mwanzo. Mimi naona sanduku la risasi ndilo lililomshauri.

Hapo ndipo inapoingia Rubens, meli ya Kijerumani iliyoleta silaha, na naomba nikae nayo kidogo kwa sababu habari yake husimuliwa kama hadithi ya mabaharia tu. Meli hiyo ilikuja ikijifanya ya Kidenmaki kwa jina la Kronborg, nahodha akiwa Carl Christiansen. Tarehe 14 Aprili 1915 iliingia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, manowari ya Kiingereza Hyacinth ikiwa nyuma yake. Ilipigwa, ikakalishwa kwenye maji mafupi huku ikiwaka juu, na Waingereza wakaondoka wakiamini imekwisha. Shehena ilikuwa chini ya maji, haikuungua. Kwa wiki kadhaa watu walipiga mbizi wakaitoa: bunduki za 98 na risasi kwa mamilioni.

Lakini risasi iliyolala baharini si risasi tena mpaka ithibitishwe. Maji ya chumvi hupenya sehemu mbili, shingoni pale kichwa kinaposhikana na ganda, na kitakoni kuizunguka fataki. Baruti ya kisasa isiyo na moshi haiyeyuki majini. Ikisafishwa chumvi na kukaushwa, sehemu yake kubwa inafaa. Baruti nyeusi isingesalimika, kwa sababu robo tatu yake ni chumvi ya shura, na shura huyeyuka majini kama sukari kwenye chai. Ukiikausha unabaki na makaa na kiberiti, vitu ambavyo havisukumi risasi kwenda popote. Tuseme basi ilikuwa heri kwamba shehena ile ilikuwa ya 98. Fataki ndiyo iliyokuwa tatizo. Kemikali yake ni kidogo mno, ikiingiwa na unyevu haiwaki, au inawaka kwa kuchelewa.

Kazi ya kuziokoa risasi hizo ilifanyika Moshi, ambayo Wajerumani waliiita Neu-Moschi. Kwa miezi kadhaa, toka asubuhi hadi jioni, risasi zilifunguliwa kwa mkono, baruti ikasafishwa, na nyingine zikawekwa fataki mpya kutoka akiba iliyokuwamo nchini, ingawa haikuwa ya aina ile ile. Kisha zilijaribiwa fungu kwa fungu. Fungu ambalo risasi zilizogoma hazikuzidi karibu asilimia 20 lilipelekwa vitani. Lililozidi hapo likawa la mazoezi ya shabaha. Na zile chache zilizokuwa hazijawahi kuguswa na maji zilihifadhiwa kwa bombomu peke yake.

Mgawanyo huo una sababu ya kifundi. Asilimia 20 maana yake ni kwamba katika risasi tano za magazini moja ya Mauser, kwa wastani moja inagoma. Kwenye bunduki ya komeo hilo linavumilika: askari anasubiri kidogo asije akafungua risasi inayochelewa kuwaka, anavuta komeo, anaitupa, anasukuma nyingine. Bombomu la Maxim halina subira hiyo. Linajiendesha kwa nguvu ya teke la risasi yake yenyewe. Risasi ikipiga, mtutu unarudi nyuma, mtambo unatoa ganda, unachukua risasi nyingine kutoka kwenye mkanda wa risasi 250. Risasi moja ikigoma hakuna teke, na bila teke kila kitu kinasimama. Mpigaji anapaswa kuvuta mkono wa pembeni kwa nguvu zake mwenyewe ndipo liendelee. Mkanda wenye risasi 50 mbovu ungekuwa bombomu la kusimama mara 50, mbele ya watu wanaokujia.

Meli ya pili, Marie, iliingia ghuba ya Sudi, kusini ya Lindi, Machi 1916. Waliofunga shehena yake walikuwa wamejifunza: kila kitu kilikuwa kimeshagawanywa katika mizigo ya mpagazi tangu Ulaya, na safari hii hakikulowa.

Kuhusu Mauser ya 98 yenyewe, sina ugomvi na wanaoisifu kama bunduki. Urefu mita 1.25, uzito kilo 4 na kidogo, risasi tano zinazosukumwa kwa kidole gumba kutoka kwenye kibanio chake. Komeo lake lina meno mawili mbele na la tatu nyuma kwa akiba, likiwa na matundu ya kuelekeza gesi pembeni iwapo fataki itapasuka, ili isimrukie mpigaji usoni. Kikucha chake ni kirefu na kipana, kinaishika risasi tangu inapotoka kwenye magazini mpaka ganda linapotupwa, kwa hiyo hata ukilivuta komeo kwa woga na kulirudisha nusu, hutaingiza risasi mbili kwa pamoja. Kizuizi cha usalama kina hali tatu: kikilala kushoto bunduki inapiga, kikisimama wima haipigi lakini komeo linafunguka, hivyo unaweza kuitoa risasi kwa usalama, kikilala kulia kila kitu kimefungwa.

Ila ina kasoro moja ambayo porini ilikuwa kubwa. Kifaa chake cha kulengea huanzia mita 400, kwa kuwa kilipangwa kwa viwanja vya Ulaya na kwa kumlenga adui kwenye mkanda wa kiunoni. Kichakani Pangani au bonde la Rufiji watu hupigana kwa mita 50, 80, 100. Ukilenga kifua kwa umbali huo risasi huenda juu. Dawa yake ni kulenga chini, magotini, na hilo mtu hulikumbuka akiwa uwanja wa mazoezi, siyo anapopigiwa kelele na pande zote. Kwa hiyo mtu akisoma kwamba risasi nyingi porini zilipita juu ya vichwa, asikimbilie kusema askari hawakujua shabaha.

Bunduki ya 1888 nitaigusa kwa onyo tu. Inafanana na ya 98 kwa mbali, lakini magazini yake inachomoza chini mbele ya kikingio cha kifyatulio, na ile ya mwanzo ina tundu chini la kudondoshea kibanio, tundu ambalo pia huingiza mchanga. Risasi zake za mwanzo zilikuwa na kichwa chenye kipenyo cha karibu milimita 8.1. Mwanzoni mwa karne ya 20 Ujerumani ikabadili, ikaweka kichwa chenye ncha cha milimita 8.2, gramu 10. Maganda yanaonekana sawa. Kuingiza risasi mpya kwenye mtutu wa 88 ambao haukurekebishwa na kugongwa alama ya herufi S ni kuulazimisha mtutu kumeza kitu kipana kuliko koo lake, na presha inapanda.

Mwaka 1917 ukafika mwisho wa akiba. Baada ya mapigano makali ya Mahiwa, katikati ya Oktoba, risasi za kisasa zilikuwa chache mno. Kabla ya kuvuka Ruvuma, Lettow-Vorbeck alipunguza jeshi lake likabaki na askari 1,700 hivi. Waliobaki nyuma, wagonjwa na wazima, aliwaacha wajisalimishe kwa sababu hakuwa na risasi wala dawa ya kuwatosha. Tarehe 25 Novemba walivuka na kuivamia ngome ya Wareno ya Ngomano. Humo walipata bunduki kwa mamia na risasi robo milioni. Bunduki ya Mreno wakati huo ilikuwa Mauser-Vergueiro ya 1904, ya milimita 6.5, mtutu mwembamba na teke dogo. Mauser za 71 ziliharibiwa na kutupwa. Mwezi Julai 1918, huko Namacurra, wakajipatia nyingine za Kireno na za Kiingereza.

Na sasa hesabu ambayo ningependa kila mwandishi wa makala hizi aisome kabla hajaandika neno kisasa. Tarehe 25 Novemba 1918, Abercorn, ambako leo ni Mbala nchini Zambia, jeshi hilo lilikabidhi silaha zake: mzinga mmoja wa Kireno, bombomu 37, na kati yake saba tu ndizo za Kijerumani, bunduki 1,071 za Kiingereza na za Kireno, na risasi 208,000. Bunduki ya kisasa ya Kijerumani haikuwamo hata moja.

Kwa walioko Tanga, Kilimanjaro, Morogoro, Lindi na Mtwara, ambao jembe lao hugonga maganda ya zamani, kuyatambua si kazi ngumu. Lipime kwa rula, litazame kitako. Ganda la 71 lina milimita 60 kwa urefu, nene, na kitako chake kina ukingo uliotokeza nje. La 88 na 98 lina milimita 57, halina ukingo wa nje bali mfereji uliochongwa kuzunguka kitako. La Kiingereza lina milimita 56 na ukingo uliotokeza, ila jembamba sana kuliko la 71. La Kireno lina milimita 58, bila ukingo, na shingo nyembamba kuliko yote. Ukikuta mahali pamoja maganda ya Kiingereza na ya 98 yamechanganyika, usiseme mara moja kwamba adui wawili walisimama hapo kwa zamu. Huenda ni kampuni moja ya askari, nusu yao wakiwa na bunduki walizoziokota Tanga.

Kwa bunduki yenyewe, alama ziko ubavuni kushoto, juu ya kifyatulio: Mod. 71, Gew. 88 au Gew. 98, kwa herufi za Kijerumani cha zamani. Ya 98 ina jina la kiwanda na mwaka juu ya chemba. Ya Kireno ina taji na herufi za Mfalme Carlos. Ya Kiingereza ina taji na herufi za mfalme, kama GR ya Mfalme George, upande wa kulia, pale mbao ya kitako inapoanzia. Msitegemee kupima mdomo wa mtutu kutofautisha ya Kiingereza ya 7.7 na ya Kijerumani ya 7.92, mdomo uliochakaa au kuliwa na kutu hudanganya kwa zaidi ya tofauti hiyo. Na ukichungulia ndani ya komeo la 71 ukiwa umelivuta nyuma, utaona sakafu ya chuma, hakuna shimo la magazini. Hilo pekee linatosha kumaliza ubishi.

Kwa anayeikuta nzima, au risasi ambayo haijapigwa: komeo likiwa limeshikwa na kutu, hesabu kwamba kuna risasi ndani. Usiligonge kwa nyundo, usiipashe moto, usiichomeke msumari fataki ili "kuona kama bado iko hai". Fataki ya zamani inaweza kugoma mara kumi na ikawaka ya kumi na moja. Iache ilipo, weka alama, waite polisi. Na polisi wakishaithibitisha kuwa salama, iombewe kwenda makumbusho. Tafadhali isisuguliwe kwa brashi ya waya wala msasa. Kitambaa laini na mafuta mepesi vinatosha. Msasa huondoa alama kabla haujamaliza kutu, na bunduki isiyo na alama haiwezi tena kusema ilitoka kiwanda gani, mwaka gani.

Nina ombi moja kwa meza ya picha. Ile bunduki fupi yenye mkono wa komeo uliokunjwa kuelekea chini na mkanda ulioshikizwa ubavuni, inayowekwa karibu kila mara kwenye habari za Tanga, ni Karabina 98k. Iliingia jeshini Ujerumani mwaka 1935, miaka 17 baada ya Abercorn. Kama inatakiwa picha ya askari wa 1914, ichaguliwe yenye bunduki ndefu isiyo na magazini. Na ile Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, haifai kuwa picha ya askari wa Lettow-Vorbeck. Iliwekwa na Mwingereza, kwa ajili ya waliopigana na kubeba mizigo upande wake.

Wako,
Mfuatiliaji wa historia ya silaha,
Tanga